Wanaolinda programu huria walisomea nini?

Jumamosi moja alasiri, katika chumba cha mkutano kilichokodishwa kwa saa tatu karibu na Ngong Road, Nairobi, nilimwona mwalimu mstaafu wa Kiswahili akisimamisha kazi ya vijana watano kwa sababu ya neno moja. Vijana hao walikuwa wakitafsiri fomu ya simu ambayo wahudumu wa afya ya jamii hujaza wanapozuru nyumba: jina la mama, umri wa mtoto, chanjo alizopata, na chini kabisa kitufe cha kijani kilichoandikwa "Wasilisha". Kisarufi hakikuwa na kosa. Mhudumu mmoja kutoka Kibera, aliyealikwa kuijaribu fomu, aliijaza yote bila shida, akafika kwenye kitufe, akainua macho. "Niwasilishe wapi? Kwa daktari ama kwa chifu?"

Vijana wakaanza kumweleza wote kwa pamoja. Mwalimu akawanyamazisha kwa mkono. "Msimfundishe mama huyu. Neno ndilo halijui kazi yake." Akalikata kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi yake, akaandika juu yake "Tuma", neno ambalo kila Mkenya aliyewahi kumtumia jamaa yake pesa kwa simu analijua kama anavyojua jina lake. Mhudumu akabonyeza, fomu ikaenda.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo katika mikutano yetu ya teknolojia jijini huulizwa mara chache mno: watu wanaofanya kazi katika mashirika ya programu huria walisomea nini, na walikuwa wakifanya kazi gani kabla ya kufika huko? Jibu lake linaeleza mengi kuhusu sababu ya baadhi ya programu kudumu miaka ishirini na nyingine kufa kabla ya ripoti ya kwanza ya mfadhili.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe, na hapa Kiswahili kinatubeba kuliko Kiingereza. Kiingereza kina neno moja tu, "free", kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiyefungwa, ndiyo maana watetezi wa programu hizi wametumia miaka arobaini kuueleza ulimwengu kwamba wanazungumzia uhuru, si bei. Sisi tuna bure, na tuna huru, na hakuna mtoto anayeyachanganya. Programu huria ni ile unayoruhusiwa kuitumia kwa shughuli yoyote, kuufungua msimbo wake, yaani maagizo yaliyoiunda, uone inavyofanya kazi, kuirekebisha, na kuigawa kwa wengine ikiwa na marekebisho yako au bila. Inaweza kuuzwa. Kinachokatazwa ni kumfunga aliyeipokea.

Shirika lililoanza kutetea jambo hili ni Free Software Foundation, lililoasisiwa Oktoba 1985 na Richard Stallman, ambaye alisomea fizikia Harvard na kufanya kazi ya kuandika programu katika maabara ya akili unde ya chuo cha MIT. Ukiishia kwa mwasisi utadhani nyumba nzima imejaa watu wa aina yake. Sasa watazame waliokuja kuiendesha. John Sullivan, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji kuanzia 2011 hadi 2022, alisomea falsafa, kisha akachukua shahada ya uzamili ya uandishi na ushairi. Aliyemrithi, Zoë Kooyman, alitoka katika kazi ya kuandaa matukio na kusimamia miradi. Mtu wa mashairi, kisha mtu wa mikutano, ndio waliokabidhiwa funguo za nyumba ambayo wengi wetu tunadhani huingii bila kujua kuandika msimbo.

Sidhani ni bahati nasibu. Tazama kazi ya kila siku ya shirika kama hilo. Sehemu kubwa ya msimbo wa GNU, mradi wa programu huria alioanzisha Stallman, huandikwa na watu waliotapakaa duniani ambao shirika haliwalipi mshahara. Wafanyakazi wenyewe ni timu ndogo, na kazi yao ni kulinda: kujibu maswali ya leseni, kuendesha kampeni, kukusanya michango ya wanachama, kutunza seva, kuandaa mkutano wa mwaka, kuandika maelezo ambayo mtu wa kawaida atayasoma hadi mwisho. Ukihesabu, ni kazi za wakili, mwandishi, mhasibu, mhamasishaji na fundi wa mitambo. Fundi ni mmoja kati ya watano.

Kwa wakili nitakaa kidogo, maana hapo ndipo moyo wa jambo ulipo. Uhuru wa programu haukulindwa na msimbo. Ulilindwa na karatasi. Leseni ya GPL, iliyotoka mara ya kwanza 1989, inaigeuza sheria ya hakimiliki ifanye kazi kinyume na ilivyozoeleka: mwenye kazi anakuruhusu kunakili, kubadili na kusambaza, mradi na wewe umpe mwenzako ruhusa hizo hizo. Ni hila ya kisheria, na nasema hila kwa heshima zote. Toleo lake la tatu, lililotolewa Juni 2007 baada ya mashauriano marefu ya hadharani, lilipita mikononi mwa Eben Moglen, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Columbia mwenye shahada ya uzamifu katika historia. Moglen katika ujana wake alikuwa karani wa Jaji Thurgood Marshall katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Msomaji wa Nairobi asilipite jina hilo haraka: ndiye Marshall yule aliyefika Lancaster House, London, mwaka 1960 kuwashauri wajumbe wetu na kuandaa rasimu ya haki za kimsingi kwa ajili ya Kenya iliyokuwa ikielekea uhuru. Sisemi kwamba GPL ilizaliwa kwenye meza ile. Nasema kwamba mtu aliyejifunza kwa jaji wa aina hiyo huiona leseni ya programu kama waraka wa haki, na ukiisoma GPL kwa makini utaona imeandikwa hivyo.

Na karatasi hiyo ina meno. Desemba 2008 Free Software Foundation iliishtaki Cisco, kampuni kubwa ya vifaa vya mtandao, kwa kusambaza vifaa vya Linksys vyenye programu huria bila kutimiza masharti ya leseni. Kufikia Mei 2009 kesi ilikuwa imemalizwa kwa maafikiano, na Cisco ikakubali kumteua mtu wa kuhakikisha leseni zinaheshimiwa na kutoa mchango kwa shirika. Hakuna mstari wa msimbo ambao ungeifanya kampuni ya ukubwa ule iketi mezani. Iliketishwa na wanasheria.

Kuna pia mwanamke ambaye kisa chake huwa hakiniondoki. Karen Sandler anaongoza Software Freedom Conservancy, shirika linaloipa makao miradi kadhaa ya programu huria. Alisomea uhandisi, kisha sheria. Ana ugonjwa wa moyo, na kifuani amewekewa kifaa kinachoupiga moyo shoti ukienda kombo. Alipowauliza watengenezaji kama anaweza kuuona msimbo unaoamua lini apigwe shoti, alinyimwa. Baadaye, akiwa mjamzito, kifaa kiliudhania mpapatiko wa kawaida wa moyo wa mja mzito kuwa hatari, kikampiga shoti asiyoihitaji. Sasa niambie mtu huyu ana taaluma gani. Mhandisi, wakili, mgonjwa? Ni zote tatu, na ile ya tatu ndiyo inayofanya hoja ya mbili za kwanza isikike hadi kwa bibi yangu.

Wahenga walisema mwamba ngoma huivuta ngozi kwake. Kila taaluma inayoingia katika shirika huivuta programu upande wake, na isipokuwepo, upande huo unabaki legelege. Hapa kwetu tuna mfano mkubwa kuliko tunavyoutangaza. Huko Mosoriot, karibu na Eldoret, mfumo wa kompyuta wa kuweka rekodi za wagonjwa ulikuwa tayari unafanya kazi mwaka 2001. Ugonjwa wa ukimwi ulipowajaza watu kliniki za AMPATH, mpango wa huduma za afya wenye makao Eldoret, mafaili yakawazidi wahudumu. Mwaka 2004 madaktari wawili kutoka Indiana, Marekani, Paul Biondich na Burke Mamlin, waliyaona hayo kwa macho yao na kuanzisha kazi iliyokuja kuitwa OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ambayo ilianza kutumika Eldoret 2006. Leo KenyaEMR, mfumo unaotumika katika vituo vingi vya afya nchini, umejengwa juu ya msingi huo.

Walikuwa madaktari waliojua pia kuandika programu, na alama ya udaktari imo ndani ya mfumo. Kiini chake ni kamusi ya dhana: uzito, joto la mwili, idadi ya seli za kinga za CD4, kila kimoja kikiwa dhana inayoweza kuongezwa na mtu wa kliniki bila kumngoja msanidi, yaani mwandishi wa programu, aje kubadilisha jedwali. Daktari anajua kwamba kesho litazuka swali jipya la kumuuliza mgonjwa. Aliyezoea kujenga mifumo ya benki angeyafunga maswali yote siku ya kwanza.

Koha, mfumo wa maktaba unaotumiwa na vyuo vikuu kadhaa vya Kenya, una asili kama hiyo. Ulizaliwa 1999 katika wilaya ya Horowhenua, New Zealand, kwa sababu mfumo wa zamani wa maktaba zake haungeuvuka mwaka 2000 salama. Wakutubi walikaa na kampuni ndogo iitwayo Katipo, mfumo ukaanza kazi tarehe 3 Januari 2000, na wenyewe wakaamua ugawiwe kwa leseni ya GPL. Neno koha ni la Kimaori, ni zawadi inayomfanya mpokeaji naye awe na la kurudisha. Jina kama hilo hulipati kwa watu wasiojua azima na rejesho.

Halafu Ushahidi, programu huria ambayo ni yetu hata kwa jina. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika mtandaoni kuhusu siasa zetu, aliomba hadharani wenye ujuzi wa kompyuta watengeneze ramani ya mahali ghasia zilikokuwa zikitokea. David Kobia akaiandika programu kwa siku chache, Erik Hersman na Juliana Rotich wakiwa pamoja nao. Sishangai kwamba kitu kilichoanza na ombi la mwanasheria kilipewa jina la mahakamani, wala kwamba kila taarifa kwenye ramani hiyo iliwekwa alama ya kama imethibitishwa au bado. Miaka miwili baadaye tetemeko lilipoipiga Haiti, ramani iliyochorwa kwa programu hiyo ilisomeka kwa sababu Wahaiti walio ughaibuni walikesha wakitafsiri ujumbe mfupi wa Kikrioli na kuitambua mitaa ya Port-au-Prince. Msimbo ulikuwa wa kwetu; macho yalikuwa yao.

Sasa fungua matangazo ya kazi ya mashirika ya teknolojia ya kijamii jijini. Mara nyingi sharti la kwanza ni shahada ya sayansi ya kompyuta au uzoefu wa lugha fulani za programu, hata pale ambapo kazi yenyewe ni kuratibu wafasiri au kuandika mwongozo. Nenda kwenye mikutano ya wasanidi Kilimani. Msichana aliyesomea ukutubi au uhasibu akijitambulisha, anaulizwa lini ataanza kujifunza kuandika msimbo, kana kwamba taaluma aliyo nayo ni homa ya kutibiwa. Wazazi nao wanamlipia kijana kozi ya miezi kadhaa ya usanidi, na dada yake mwenye cheti cha uhasibu anaambiwa ateknolojike kwanza. Linaniuma, kwa sababu nimeona gharama yake.

Miaka kadhaa iliyopita nililisaidia shirika dogo la hapa Nairobi, ambalo sitalitaja, lililokuwa na programu nzuri ajabu ya kuripoti mabomba yaliyopasuka na vioski vya maji vilivyofungwa. Wasanidi walikuwa wanne, wote hodari. Mhasibu hakuwepo. Kijana mmoja "mwenye kujua Excel" ndiye aliyeshika fedha. Awamu ya kwanza ya ufadhili ilipoisha, mfadhili akaomba hesabu. Tulikaa siku tatu sakafuni tukilinganisha picha za ujumbe wa M-Pesa na risiti za boda zilizofifia hadi herufi hazisomeki. Mafuta ya jenereta yalikuwa yameandikwa "chakula cha mkutano", na posho ya wahudumu wawili haikuwa na sahihi. Hakuna aliyeiba hata shilingi. Lakini hesabu isiyofungwa haiwezi kukutetea, na awamu ya pili haikuja. Seva ilizimwa siku ya Ijumaa kwa kukosa malipo. Wale kina mama wa vioski waliendelea kutuma ripoti wiki nzima kwa mfumo ambao haukuwepo tena.

Msimbo wake bado upo mtandaoni, huria kabisa, na yeyote anaweza kuuchukua. Hakuna aliyeuchukua.

Tangu Mei 2024 mashirika ya aina hii yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 na kukaa zaidi ya miaka kumi ikingoja kuanza kutumika. Vitabu vya hesabu, ripoti za kila mwaka, bodi inayokutana kweli: hayo hayaandikwi na msanidi saa sita za usiku baada ya kurekebisha hitilafu. Ndiyo maana nasema, kama una fedha za kuwaajiri watu watatu tu, mmoja wao awe wa hesabu na utawala. Najua wasanidi wengi watanikasirikia kwa hilo. Wakasirike, mradi seva iwake.

Nisieleweke vibaya, kwa maana nimeona pia ugonjwa wa upande wa pili. Yapo mashirika jijini ambayo yamejaa maafisa wa miradi na maafisa wa mawasiliano, ripoti zao zimepigwa rangi vizuri, na ukibonyeza kitufe kwenye programu yao hakuna kinachotokea kwa sababu msanidi wa mkataba alishaondoka. Ukiwatazama tena watu niliowataja utaona hawakuwa wageni wa kompyuta. Moglen aliwahi kubuni lugha za programu katika kampuni ya kompyuta ya IBM kabla ya kuwa wakili. Sandler ni mhandisi. Sullivan wa mashairi amekuwa akichezea kompyuta tangu enzi za Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya themanini. Biondich na Mamlin waliweza kuketi na kuandika. Shirika linamhitaji mtu aliyebobea kwake lakini anayeweza kuvuka ua kwenda kwa jirani na kuongea naye bila mkalimani. Kwa hiyo mhasibu wa programu huria ajue leseni ni nini, na msanidi ajue kwa nini risiti inahitaji sahihi. Wote wawili hujifunza hayo kazini, kwa miezi, wakikaa meza moja.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni njia ya kuingilia. Katika nchi tajiri wengi huingia mashirika haya kwa mlango wa kujitolea: anarekebisha hitilafu jioni, anatafsiri kurasa mbili Jumapili, anajulikana, kazi ikitokea anaitwa. Mlango huo hapa kwetu ni mwembamba. Kijana wa Kayole anayejitolea analipa bando, analipa nauli ya matatu mbili kwenda na mbili kurudi, anakopa laptopu ya rafiki, na wakati huo kodi ya nyumba haijui maana ya kujitolea. Basi wanaopita ni wale ambao wazazi wao wanaweza kuwashikilia kwa mwaka mmoja. Orodha ya wafanyakazi ikitoka ikiwa na sura za mtaa mmoja na shule tatu, tunasema ndio waliokuwa na moyo. Moyo walikuwa nao wengi. Nauli ndiyo hawakuwa nayo. Shirika linalotaka watu wa asili mbalimbali lianze kwa kulipa nauli na bando za wanaojitolea, tena siku hiyo hiyo. Ni pesa kidogo kuliko bango moja la mkutano.

Na hata wanaopenya huwa hawaonekani. Miradi mingi hutoa orodha ya wachangiaji kutoka Git, chombo kinachoweka kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, aliyeliandika na aliyelipeleka. Ni kumbukumbu ya kweli, ila inawajua hao wawili tu. Aliyeliwaza badiliko, aliyebishana kulitetea, aliyempeleka mhudumu wa Kibera chumbani ili alijaribu, hao haiwajui. Orodha hiyo hiyo kisha hutumiwa kuamua nani aalikwe kwenye mkutano wa ng'ambo, nani apewe kazi, nani aingie kwenye bodi.

Mwalimu wetu wa Ngong Road alikuwa amesahihisha maneno zaidi ya mia mbili katika fomu ile. Alifanya kazi kwa karatasi na kalamu nyekundu, akipiga picha kurasa na kuzituma kwa WhatsApp, na kijana mmoja akiyaingiza masahihisho usiku. Nilipoifungua orodha ya wachangiaji, kijana huyo alikuwa wa pili kutoka juu. Mwalimu hakuwepo. Nilimwonyesha kijana, hakubisha, aliona haya. Jumamosi iliyofuata alikuja na faili jipya, orodha ya wote walioifanyia kazi fomu, iwe kwa msimbo, kwa maneno, kwa majaribio au kwa hesabu, na akamkabidhi mwalimu simu ahakikishe jina lake limeandikwa sawasawa. Mwalimu alivaa miwani, akalisoma taratibu, kisha akauliza kama inawezekana kuweka neno "Mwalimu" mbele yake.